Skrini Inayozima na Kuwaka: Utengeneze au Ununue Nyingine?

Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mwanafunzi amesimama mlangoni pa kibanda changu cha kuchapa hapa Mbale, Uganda, flashi mkononi. Kazi yake inatakiwa chuoni kabla ya saa nne, na skrini imegoma. Nabonyeza swichi, taa ndogo ya buluu inapepesa mara mbili, inazima. Nabonyeza tena, inapepesa, inazima. Mara ya sita inakubali, na ikishakubali inafanya kazi hadi jioni kana kwamba haijawahi kuumwa. Kesho yake inakubali mara ya tisa.

Ukiwa na skrini ya namna hii, washauri hawakosekani. Muuza kompyuta atakuambia ununue nyingine. Jirani atakuambia uipige kofi ubavuni. Fundi atakuambia uiache, urudi Alhamisi. Nimewahi kuwasikiliza wote watatu, na nimelipa. Miaka kadhaa iliyopita nilitoa pesa ya bodi nzima kwenye karakana moja, nikaibeba skrini yangu kwa furaha, na siku ya tatu ikazima vilevile. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye plagi. Tangu hapo nina kanuni moja: shilingi ya kwanza iende kwenye kujua skrini inaumwa nini. Shilingi ya kutengeneza au kununua inafuata nyuma yake.

Dalili zinasema

Anza na ile taa ndogo ya swichi. Iangalie picha inapopotea.

Kwenye skrini nyingi, taa ikigeuka rangi ya chungwa, umeme upo ila picha haifiki. Kaza skrubu za waya wa VGA, au jaribu waya mwingine na kompyuta nyingine. Taa ikibaki buluu au kijani huku kioo ni cheusi, funga pazia na umulike kioo kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo, ila taa za nyuma ya kioo ndizo zilizozima. Lakini taa ya swichi yenyewe ikizima au ikipepesa, mara nyingi hapo ndipo penye tatizo la umeme.

Kisha angalia saa. Skrini inayogoma asubuhi ikiwa ya baridi na kutulia ikishapata joto, mara nyingi ina kapasita zilizochoka, yaani ile mitungi midogo iliyosimama kwenye bodi ya umeme. Inayowaka vizuri asubuhi na kuzima baada ya saa moja, mara nyingi ina kiungo cha risasi kilichopasuka kwenye bodi, au kifaa kinachopata joto kupita kiasi. Inayozima ukigusa meza ina waya uliolegea. Na inayozima wakati uleule balbu zinapofifia huenda haina kosa lolote, umeme wa nyumba ndio unaoumwa.

Andika mambo haya kwa siku tatu: saa ngapi, ilizimaje, ulifanya nini ikawaka. Karatasi hiyo ni mali. Fundi akiisoma hataanza kubahatisha, na kubahatisha kwa fundi hulipwa na mteja.

Vipimo visivyo na gharama

Kwanza, badilisha waya wa umeme. Waya unaoingia nyuma ya skrini nyingi ni wa aina ileile unaoingia kwenye sanduku la kompyuta. Chomoa nyaya zote mbili, uzibadilishe nafasi. Kama sasa kompyuta ndiyo inayozimika, umepata jibu bila kutoa hata shilingi.

Pili, iangalie plagi. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinigharimu. Skrini nyingi za mtumba zinatoka Ulaya zikiwa na plagi nene ya duara yenye miguu miwili. Soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa. Basi tunafanya tulivyozoea: tunachomeka kalamu au ufunguo kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha tunasukuma miguu miwili ya mduara kwenye matundu yaliyotengenezewa miguu ya bapa. Inaingia, na skrini inawaka. Lakini chuma hakikumbatii chuma. Panagusa sehemu ndogo tu, panapata moto, panatoa cheche usizoziona, na kila lori likipita barabarani mgusano unapotea kidogo. Chomoa plagi yako leo uitazame. Ukiona kahawia kuzunguka mguu, au ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua, ugonjwa umeshaujua. Dawa yake ni waya mpya wenye plagi ya miguu mitatu, na ni dawa rahisi kuliko zote zilizomo kwenye makala hii. Tena plagi ya miguu miwili ikisukumwa hivyo haina njia ya ardhi, kwa hiyo hata kifaa cha kuzuia mishindo ya umeme hakiwezi kukulinda ipasavyo.

Tatu, kama skrini inatumia adapta ya nje, soma kibandiko chake. Volti lazima zilingane kabisa na zilizoandikwa nyuma ya skrini. Ampea ziwe sawa au zizidi. Samsung nyingi za adapta hutumia volti 14, LG nyingi hutumia 19, na pini zao zinaweza kufanana. Usikubali adapta "inayoingia". Adapta ya volti 19 kwenye skrini ya 14 inaweza kugeuza tatizo dogo kuwa kubwa ndani ya sekunde moja.

Ukimaliza vipimo hivi na taa bado inapepesa, sasa funga skrini kwenye blanketi uende kwa fundi.

Mezani kwa fundi

Mimi nilikuwa na safari ya Jinja, kwa hiyo nikaipakata skrini kwenye basi kupitia Tirinyi na Iganga hadi kwa fundi mmoja anayekaa kwenye kibaraza karibu na soko. Meza yake ni ya mbao iliyoungua mistari ya kahawia kwa chuma cha kulehemu. Hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliomba karatasi yangu ya dalili, akaisoma, akasema, "Mama, hii ni baridi. Tuone kapasita."

Alitoa skrubu nne nyuma, akapenyeza kipande chembamba cha plastiki kwenye ukingo wa fremu, akazunguka nacho polepole, mlio baada ya mlio, mpaka fremu ikaachia. Ndani kulikuwa na kisanduku cha bati, na chini ya bati bodi mbili: moja ya picha, nyingine ya umeme. Kwenye bodi ya umeme akanionyesha mitungi midogo iliyosimama wima. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa, kina alama ya msalaba iliyochorwa juu. Tatu kati ya zile zilikuwa zimefura kama chapati inavyofura kwenye kikaango, na moja ilikuwa imetoa uchafu wa kahawia pale msalabani.

"Hizi zikipata joto zinajikaza kidogo," alisema. "Ndiyo maana mchana inakubali."

Kabla ya kugusa bodi alipima kapasita kubwa ya pembeni kwa mita. Umeme wa volti 240 ukishaingia ndani na kugeuzwa, kapasita hiyo hubeba karibu volti 340, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kujifungulia mwenyewe nyumbani baada ya kuona video ni mfupi: usifanye. Hiyo si kazi ya kujifunzia kwenye skrini unayoitegemea, na gharama ya kumlipa mwenye mita ni ndogo kuliko ya hospitali.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mteja anaweza kuokoa au kupoteza zaidi. Kapasita ina maandishi matatu ya kusoma: uwezo wake, volti zake na joto lake. Uwezo uwe uleule. Volti ziwe zilezile au juu kidogo. Joto liwe 105, na usikubali 85. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo, lakini hesabu ya umri ni kubwa. Kanuni ya mafundi wa umeme ni kwamba kila joto likipungua nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka mara mbili. Chukua kapasita iliyoandikwa saa 2,000. Ikiwa ndani ya skrini yako kuna nyuzi 65, ile ya 105 ina makadirio ya saa 32,000, na ile ya 85 ina saa 8,000. Kwa mtu anayewasha skrini saa 10 kwa siku, hiyo ni tofauti ya miaka karibu 9 na miaka 2 na kidogo.

Uliza pia kama ni mpya au zimetolewa kwenye bodi nyingine mbovu. Zilizotolewa zimeshatumia sehemu ya maisha yao kwa mtu mwingine.

Kama fundi anasema bodi nzima ibadilishwe, mwombe akuonyeshe namba iliyochapwa juu yake. Bodi za umeme za Samsung nyingi huanza na BN44, na za viwanda vingine nyingi huanza na 715G. Namba ya bodi inayoingia ifanane na ya inayotoka, siyo sura tu. Na akisema kioo chenyewe kimepasuka au kina mistari, hapo acha. Kioo ndicho sehemu kubwa ya bei ya skrini, na hakuna ukarabati wa kioo unaolipa.

Hesabu

Bei zinabadilika kutoka duka hadi duka, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Futa zangu, uweke ulizoambiwa wewe. Kinachodumu ni namna ya kuhesabu.

Tuseme umeambiwa hivi:
Waya mpya wenye plagi ya miguu mitatu: shilingi 15,000.
Kapasita pamoja na kazi: shilingi 40,000.
Bodi ya umeme ya mtumba pamoja na kazi: shilingi 70,000.
Skrini ya mtumba: shilingi 160,000.
Skrini mpya: shilingi 480,000.

Wengi tunaishia hapo, tunachagua ndogo. Lakini bei ya siku ya kwanza haitoshi. Igawe kwa miezi unayotarajia kuitumia. Kapasita za 40,000 zikidumu miezi 24, umelipa kama 1,670 kwa mwezi. Mtumba wa 160,000 ukidumu miezi hiyohiyo, ni kama 6,670. Mpya ya 480,000 ikidumu miaka mitano, ni 8,000 kwa mwezi.

Bado kuna mlaji mwingine mezani, nao ni umeme wenyewe. Skrini za zamani zilitumia mirija membamba ya taa nyuma ya kioo, na ya inchi 19 ya aina hiyo inaweza kula wati 35 hadi 40. Za LED za ukubwa huo hula kama nusu yake. Chukua tofauti ya wati 20, saa 10 kwa siku, siku 25 kwa mwezi: ni uniti 5. Uniti ikiwa shilingi 750, hiyo ni 3,750 kila mwezi. Soma bei yako halisi kwenye risiti ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, maana ya biashara na ya nyumbani hazilingani.

Ongeza hiyo kwenye skrini ya zamani iliyotengenezwa, na gharama yake inapanda kutoka 1,670 hadi kama 5,420 kwa mwezi. Bado iko chini ya mpya, ila pengo limepungua sana. Na ukarabati ukidumu miezi 6 tu badala ya 24, unafika 10,400, na hapo ungekuwa umenunua mpya. Kwa mfano huu, ukarabati wa skrini ya mirija unaanza kulipa ukipita takribani miezi 10. Ndiyo maana nasisitiza nyuzi 105. Tofauti ndogo ya bei ya kapasita ndiyo inayoamua upande wa hesabu nzima.

Kwa nyumba ambayo watoto wanawasha kompyuta saa mbili kwa siku, tofauti ya umeme ni uniti 1 kwa mwezi, shilingi 750. Hapo kutengeneza kunashinda waziwazi. Na kama skrini yako tayari ni ya LED, tofauti ya umeme haipo, na kapasita ndizo chaguo la kwanza bila ubishi.

Mtumba, mpya, au Kampala?

Mtumba una hatari moja ambayo watu hawaisemi: unanunua kapasita za umri uleule na zako. Ukiwashiwa dukani, skrini iliyokwisha kupata joto itakuonyesha sura nzuri. Kwa hiyo fika asubuhi muuzaji anapofungua, mwombe aiwashe ikiwa ya baridi mbele yako, izime, iwashe tena mara tano. Kisha iache iwake nusu saa. Tazama nyuma kuna kibandiko cha mwaka gani na wati ngapi. Dai siku za kuirudisha, ziandikwe kwenye risiti.

Mpya ina waranti, na unacholipia kikubwa ni hicho. Lakini uliza waranti inatimizwa wapi. Kama jibu ni Kampala, mtu wa Jinja anasafiri kilomita kama 80, na wa Mbale zaidi ya 200, kwenda na tena kurudi, skrini mapajani. Nauli hizo na siku ya kazi iliyopotea ni sehemu ya bei. Kwa sababu hiyohiyo, kupeleka skrini ndogo Kampala kwa ajili ya ukarabati ni nadra kulipa. Miji yetu miwili ina mafundi wa kutosha wenye mita na chuma cha kulehemu kwa kazi ya kapasita. Kampala iwe ni ya kutafuta bodi yenye namba isiyopatikana huku, na utume namba kwa simu kabla ya kupanda gari.

Popote utakapoamua, mambo matatu yaandikwe kwenye karatasi: kilichobadilishwa, bei, na siku za dhamana. Tenganisha ada ya kupima na ada ya kutengeneza, ili ukikataa matengenezo ulipe kipimo tu. Dai vifaa vilivyotolewa urudishiwe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yana utaratibu mwepesi mahakamani. Sijawahi kufika huko, na mara nyingi huhitaji kufika. Karatasi yenyewe inatosha kuongeza umakini.

Kinachoua ya zamani kitaua na mpya

Watu wa Jinja huuliza, na wana haki ya kuuliza: bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lipo mjini kwetu tangu 1954, mbona taa zinafifia? Jibu ni kwamba umeme wa bwawa hauji nyumbani moja kwa moja. Unapandishwa, unaingia kwenye gridi ya taifa, kisha unashushwa tena kwenye transfoma ya mtaa wako. Nguzo zile za mwisho, waya uliolegea kwenye kiungo, na transfoma iliyobebeshwa nyumba nyingi kupita uwezo wake, ndizo zinazoamua skrini yako inapata nini. Mbale tuna hayo yote, pamoja na radi za Mlima Elgon zinazoanza mchana wa mvua.

Skrini nyingi zimeandikwa zinakubali volti 100 hadi 240. Maana yake umeme mdogo hauziui haraka. Kinachoziumiza ni ule mshindo umeme unaporudi baada ya kukatika, na radi. Kwa hiyo kifaa kinachofaa zaidi ni kile kinachokata umeme ukivuka mpaka, na ukirudi kinasubiri kwanza utulie ndipo kiruhusu. Weka kompyuta na skrini nyuma ya kifaa kimoja. Hakikisha soketi ina waya wa ardhi kweli, fundi wa nyumba akupimie. Umeme ukikatika, zima swichi ukutani. Radi ikianza, chomoa. Hilo la mwisho ni bure, na hakuna kifaa cha dukani kinacholishinda.

Na kama mtaa mzima unapepesa, msimalize pesa kwa mafundi mmojammoja. Pelekeni taarifa pamoja kwa kampuni ya UEDCL, inayosambaza umeme tangu 1 Aprili 2025, mkitaja namba ya transfoma na saa za tatizo.

Uamuzi

Plagi au waya ndio mgonjwa? Nunua waya mpya, maliza. Kapasita zimefura na skrini ni ya LED? Tengeneza. Ni ya mirija, na unaiwasha siku nzima kwa biashara? Tengeneza kwa kapasita za nyuzi 105, kisha weka akiba kidogo kila mwezi ya kununua ya LED, ili siku ikigoma tena usinunue kwa haraka. Bodi inagharimu zaidi ya nusu ya mtumba mzuri? Iache. Kioo kimekufa? Mpe fundi avune vifaa, wala usiitupe jalalani, kwa sababu mirija ya skrini za zamani ina zebaki.

Yangu ilibadilishwa kapasita zote tatu zilizofura na ya nne iliyokuwa karibu nazo. Fundi aliiwasha ikiwa ya baridi, akaizima, akaiwasha tena, mara tano, bila mimi kumwambia. Zile za zamani alinifungia kwenye kipande cha gazeti. Zipo kwenye droo, kando ya risiti yenye dhamana ya miezi mitatu, na mteja akiniambia skrini yake inazima na kuwaka, nazitoa kwanza nimwonyeshe kichwa cha kapasita kinavyofura, kabla hajakwenda kutoa pesa mahali.